Firimbi, Omena na Matanga Yangu

Vijana wa stesheni, mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya redio "kabla Anti hajasahau." Aliyesema hivyo nilimsikia, maana mlango ule wa mabati hauzuii siri, na namjua kwa jina. Sawa. Naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa sababu stesheni yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na viti, na viti vyenyewe tulikuwa tunapokezana. Mshahara pia siugusi, mgongo wangu siku hizi hautaki nicheke sana. Nitawaambia kazi.

Kazi yangu ilikuwa kukosoa nyimbo. Kucheza nyimbo hata simu ya mtoto inaweza. Mimi nilizikosoa, hasa zile zinazomwimba mwanamke, na kwa kuwa karibu zote zinamwimba mwanamke, sikuwahi kukosa kazi. Watu waliniita feministi. Mzee mmoja wa mtaa wa Olympic alinisimamisha njiani akaniita hivyo kwa sauti ya mtu anayeitia mwizi. Nikamuuliza, "Maana yake nini, mzee?" Akasema hajui vizuri, ila ni ugonjwa, na mke wake ameupata tangu aanze kusikiliza kipindi changu: siku hizi akiimbiwa anauliza maswali. Nikamwambia pole.

Lakini sikuajiriwa kukosoa chochote. Niliajiriwa kusoma matangazo ya vifo.

Stesheni ilikuwa chumba kimoja pale Makina, Kibera, juu ya fundi wa nguo, ukuta wote umebandikwa trei za mayai ili sauti isitoke. Sauti ilitoka. Na cherehani ya fundi ikaingia, hata wasikilizaji wa mwanzo wakadhani ni ngoma yetu ya kufungulia habari. Mimi ni mtoto wa Makina, nimezaliwa na kulelewa hapo, na nina sauti ya msiba. Sijui niliitoa wapi. Nikiitisha chumvi dukani, watu huvua kofia. Anti Consolata, aliyekuwa msimamizi wa vipindi, alinisikia nikiuliza choo kiko wapi, akasema hapo hapo, "Huyu ndiye. Mpeni vifo."

Huyo Consolata ndiye aliyenifunza kila ninachojua. Mama wa Kiluo mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Alikuwa na kipindi chake cha nyimbo, na siku yangu ya kwanza alikuwa ameandika kwa mkono maneno ya wimbo wa mapenzi uliokuwa unavuma, apate kuuzungumzia hewani. Karatasi yake na ya marehemu wangu, mzee mmoja aliyekuwa anasafirishwa kuzikwa Busia, zililala kwenye meza moja. Feni ikapuliza. Taa nyekundu ikawaka. Na mimi, kwa woga wa siku ya kwanza, nikasoma iliyokuwa mbele yangu mpaka mwisho.

"Kwa masikitiko makubwa," nikaanza, maana hayo nilikuwa nimeyakariri, "tunatangaza ya kwamba mrembo wangu mwenye kiuno cha nyigu hayuko nami tena. Tangu aende, silali wala sili. Njoo, mtoto mzuri, nikuweke ndani. Nitafunga mlango. Usiongee na mtu, usionwe na mtu, uwe wangu peke yangu. Ewe mtoto. Ewe mtoto. Ewe mtoto. Jamaa na marafiki wajulishwe popote walipo."

Simu ikaanza kulia. Wa kwanza aliuliza matanga yako wapi. Wa pili alitaka kujua kama hao watoto watatu aliowaacha marehemu wamepata wa kuwalea. Mama mmoja muuza makaa alitembea kutoka Silanga na gunia kichwani, mchango wake kwa wafiwa, akapanda ngazi zetu akihema. Consolata wakati huo alikuwa chini sakafuni, amekaa, anacheka mpaka kilemba kimeanguka. Huyo mama akatua gunia, akatuangalia, akauliza: "Na huyo msichana amefungiwa ndani, polisi wameambiwa?"

Consolata akaacha kucheka. Akaokota kilemba. "Huu wimbo umechezwa kila harusi tangu mwaka uanze," akasema. "Na huyu mama ndiye wa kwanza kuuliza hilo swali."

Basi hapo tukapata kipimo. Kila wimbo mpya ukitoka, kabla haujachezwa, mimi niliusoma kama tangazo la kifo. Ukitoa ngoma, maneno hubaki na aibu yao. Nyimbo nzuri zilivumilia, hata zikapendeza zaidi. Kwa nyingine ilionekana wazi kuwa kuna mtu anapaswa kukamatwa. Yule mzee wa Busia tulimtangaza jioni hiyo hiyo, lakini watu wakawa wameshashtuka. Wengi walidhani ni wimbo, na wawili wakaomba urudiwe.

Kifaa cha pili kilikuwa firimbi. Wale mnaoenda ohangla, zile ngoma za Waluo, mnajua pakruok: mtu akijisikia, anaenda mbele, anatupa noti kwa bendi, wimbo unasimama katikati, yeye anashika maiki anajisifu, ni simba, ni mjukuu wa nani, amevaa viatu gani, halafu bendi inaendelea pale ilipoachia. Consolata alizipenda sana hizo ngoma. "Lakini miaka yote naona wanaume wakisimamisha wimbo ili wajisifu," aliniambia. "Kwa nini mwanamke asiusimamishe auulize maswali?" Akanunua firimbi ya refa. Tukaweka benchi ndani ya studio, na mama yeyote wa Kibera aliyetaka akaja akakaa. Sheria ilikuwa moja. Ukipuliza, wimbo unasimama. Unauliza. Mwenye wimbo, kama ana ujasiri wa kuja, anajibu. Halafu tunaendelea pale pale.

Wacha niwaambie, kina mama wa benchi walikuwa moto. Mwimbaji anasema, "Wewe ni ua langu." Prrr! "Ua haliendi sokoni. Huo unga uliletwa na nani?" Anasema, "Nitakuvushia mito na mabonde." Prrr! "Aanze na huu mtaro wa hapa nje, watoto wanatumbukia kila siku." Kuna wimbo tuliuanza Jumatatu ukafika kiitikio Alhamisi. Wanamuziki walilalamika kwamba tunawaharibia nyimbo. Tuliwaambia waje waketi, chai ipo. Wengine walikuja, wakajibu, wakarudi studio zao wakabadilisha maneno. Wengine mpaka leo wakiniona wanavuka barabara.

Na jambo moja ambalo wageni wanaokuja kuwapa semina hawatawaambia: ngoma ni tamu. Wimbo mbaya kabisa unaweza kuwa na besi inayokutoa kwenye kiti bila ruhusa yako. Nimewahi kukosoa wimbo hewani nikiwa nimesimama, kiuno kinakubali, mdomo unakataa. Consolata alisema hakuna shida, mradi msikilizaji aambiwe yote mawili. Msijifanye mawe. Mkosoaji asiyecheza hana habari ya anachokosoa.

Consolata alipostaafu akaenda ushago, kijijini kwao, kufuga kuku, alinivisha firimbi shingoni mbele ya watu, akaniambia nisimpe mwanamume yeyote aipulize isipokuwa nyumba inaungua. Nimejitahidi.

Sasa nije kwa Risper, kwa sababu nikiulizwa kesi gani ilikuwa ngumu kuliko zote, ni hiyo.

Alikuja asubuhi moja kutoka Kawangware, mwanamke mwembamba amejifunga leso, akakaa mwisho wa benchi akanong'ona. Nikamwambia aongee kwa sauti. Akanong'ona tena. Ilibidi nizime feni. Alikuwa mjane, mpishi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Jiko lake lilikuwa mbele ya ploti moja karibu na soko la Kawangware. Mafundi na vibarua walikuwa wanakula hapo mchana, omena na ugali. Kumbe kijana mmoja anayejiita Jenerali Ngwaci alikuwa ametoa wimbo, na wimbo unaitwa "Omena ya Risper."

Nilikuwa nimeusikia. Nani hakuwa ameusikia? "Nilikula omena ya Risper, nikasahau njia ya nyumbani. Risper, Risper, umeniwekea nini?" Ulipigwa kwa vinyozi, ulipigwa buchari, watoto waliuimba wakiruka kamba. Sikuwa nimefikiria kwamba Risper ni mtu.

"Ni mimi, Anti," akanong'ona. "Wanasema naweka dawa."

Nusu ya wateja wake wanaume walitoroka, waliogopa kurogwa. Nusu nyingine walibaki kwa sababu walitaka kurogwa. Walikula, wakakaa kwenye benchi wakingoja, wasipohisi kitu wakalalamika. Mmoja alirudisha sahani. Kisha wakaanza kuja wake za watu, kwa mlango wa nyuma, wanataka hiyo dawa wakawawekee waume zao. Akiwaambia hakuna dawa wanakasirika, wanasema ni mchoyo. Mhubiri mmoja alikuja kuombea sufuria. Aliiombea kwa nguvu mpaka ikaanguka ikabonyea. Na mwisho wa hayo yote, mwenye ploti, Mzee Karanja, mzaliwa wa Kawangware na mzee wa kanisa, akamwita akamwambia: "Mama, mimi sina shida na wewe. Lakini ploti yangu haiwezi kuwa inaimbwa. Mwezi ukiisha, utafute pengine."

"Pengine wapi?" Risper aliniuliza, na hapo sauti ikatoka kidogo. "Hapo ndipo watu wananijua. Jiko ndilo linasomesha watoto wangu. Nikitolewa na jina la mchawi, nani atanipa mahali?"

Nikavua firimbi nikampa. Nikamwambia tutamwita Jenerali, na wewe ndiye utakayemsimamisha. Akairudisha haraka. "Mimi siwezi. Sijawahi kusimamisha mtu akiongea."

"Hata konda?"

"Hata konda. Huwa napitishwa steji, naenda mpaka mwisho, narudi na miguu."

Nilishikwa na hasira, si kwake, kwa dunia. Tukampigia Jenerali Ngwaci simu aje ajibu. Meneja wake akasema Jenerali haitwi-itwi ovyo. Siku ya kipindi wakaja walinzi wawili wembamba, wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wakatuletea flashi. "Jenerali amesema wimbo wenyewe umekuja," mmoja akasema. "Muulize wimbo."

Haya. Tuliuuliza. Nikaiweka flashi kwenye kiti cha mgeni, nikaisogezea maiki, nikaikaribisha hewani kwa adabu zote. Mlinzi akauliza kama wimbo utapewa chai. Nikamwambia chai ni ya wanaojibu. Nikauliza, "Ewe wimbo, unamjua Risper?" Tukaupiga kidogo, ukajibu: "Umeniwekea nini?" Nikauliza, "Una ushahidi gani kwamba amekuwekea kitu?" Ukajibu: "Risper, Risper!" Nikauliza kama una mama nyumbani. "Aye! Aye!" ukasema. Kina mama wa benchi walipuliza mpaka mashavu yakauma. Tulifunga kipindi kwa kutangaza kwamba mshtakiwa ni mkaidi, na kwamba Kibera nzima imesikia.

Hiyo ndiyo iliyomtoa Jenerali. Watu walimcheka, wakamwambia wimbo wake ulishindwa kujibu maswali ya akina mama. Akapiga simu yeye mwenyewe: atakuja, lakini si Kibera, ni nyumbani kwake Kawangware, na ataimba laivu mbele ya mashabiki, tuone nani atamsimamisha. Nikamwambia sawa. Na mahali nitachagua mimi: kwa ploti ya Mzee Karanja, mbele ya jiko la Risper.

Siku hiyo tulifika na spika na benchi letu tumelibeba kutoka Makina, maana kina mama walikataa kukalia benchi geni. Watu walijaa mpaka juu ya paa za choo. Mzee Karanja alitoa kiti chake mwenyewe akaketi mbele, na kofia, akionekana kama mtu aliyekuja kushuhudia nyumba yake ikivunjwa. Risper alikuwa nyuma ya jiko, anakoroga sufuria iliyobonyea, haangalii mtu. Firimbi nilikuwa nimemfungia shingoni kwa nguvu. Kina mama wa benchi walikuja na zao.

Jenerali akaruka juu ya meza. Kijana mrefu, koti la jeshi, cheni. Besi ikaanguka, na sitawadanganya, wote tuliinuka, hata kina mama, hata mimi.

"Nilikula omena ya..."

Prrr! Kila mtu akasimama alivyokuwa, wengine mguu mmoja juu.

"Sahani ngapi?" akauliza mama wa kwanza.

Jenerali akaangalia meneja wake. "Mbili."

"Na ugali?"

"Eeh, na ugali."

"Endelea."

Ngoma, tukacheza. "Nikasahau njia ya..."

Prrr! "Ulisahau ama ulilala?"

"Nili..." Akakuna kichwa. "Nililala kidogo tu."

"Wapi?"

"Si ni hapo tu. Kwa benchi ya huyo mama."

Vibarua waliokuwa wanakula siku hiyo wakaanza kupiga kelele kwamba wanakumbuka, alilala mpaka jua likatua, alikoroma, Risper alimfunika na leso. Kumbe alikuwa na shoo jioni hiyo na akaikosa, na aliposhindwa kumweleza meneja, akasema amerogwa. Ilikuwa rahisi kusema amerogwa na mwanamke kuliko kusema alilala. Meneja akavua miwani, akamwangalia.

Lakini mashabiki wake hawakukubali. "Aliwekewa kitu!" wakapiga kelele. "Mtu hawezi kulala hivyo bure!" Na Mzee Karanja akatikisa kichwa, kwamba eeh, hata yeye anaona hivyo. Nikaona kesi inatuponyoka. Nikamwangalia Risper. Alishika firimbi, akaiachilia.

Hapo ndipo watu wakaanza kusukumana huko nyuma, na mama mmoja akapita katikati. Amevaa gambuti zenye tope, ana kapu la mboga za sukuma. Alikuwa ametoka shambani Silanga kando ya bwawa, tangu aliposikia redioni asubuhi kwamba tunakuja. Akamnyang'anya mama wa benchi firimbi yake, akapuliza mara moja, kali.

"Kevo," akasema.

Tukaangaliana. Hakuna aliyejua kwamba Jenerali Ngwaci anaitwa Kevo.

"Mathe..." akasema Jenerali, akishuka mezani pole pole.

"Panda juu. Uliimba ukiwa juu, utajibu ukiwa juu." Akapanda. "Tangu nikuzae, ukishiba unalala. Ulilala kwa ubatizo wako. Ulilala kwa mtihani wa darasa la nane, mwalimu akaniita. Kwa matanga ya babako ulikula pilau ukalala kando ya jeneza, watu wakadhani wafu ni wawili. Mimi nimekupikia maisha yako yote. Nijibu mbele ya hawa watu. Mimi pia nilikuwa nakuroga?"

Jenerali akaangalia viatu vyake.

"Hapana, mathe."

"Sema kwa maiki."

"Sikurogwa," Jenerali akasema kwenye maiki, na spika zikapeleka mpaka sokoni. "Nilishiba."

Weh! Vigelegele. Watu wakaanza kuimba "Nilishiba! Nilishiba!" kwa besi ile ile. Na Jenerali, kwa kuwa msanii ni msanii, akaona nafasi. Akanyoosha mikono kwa jiko na kuanza kumsifu, sauti tamu kabisa: "Risper malkia, Risper ua la Kawangware, mama mvumilivu, haongei, halalamiki, anapika tu, anapika tu..." Umati ukalainika. Mama wa gambuti akafuta macho. Mimi mwenyewe, mkosoaji mzima, nilipiga makofi. Nilidhani tumeshinda.

Nikasikia firimbi. Ilianza chini, kama birika inayotaka kuchemka, halafu ikapanda. Niligeuka kuangalia benchi, lakini kina mama walikuwa wanaangalia jiko. Risper alikuwa amesimama, mwiko mkononi, mashavu yamejaa. Alipuliza mpaka pumzi ikaisha. Ngoma ilikuwa imesimama zamani.

"Hata hiyo toa," akasema.

"Gani?" Jenerali akauliza, hajaelewa. "Nakusifu."

"Ua toa. Haongei, toa. Anapika tu, toa."

"Sasa niimbe nini, mama?"

Risper akafikiria, na watu wote wale wakamngoja. Nadhani alikuwa hajawahi kungojwa maishani mwake. "Sema omena inaiva saa sita."

"Omena inaiva saa sita," Jenerali akaimba, kwa kusitasita.

"Na Jumapili sipiki."

"Na Jumapili hapiki!"

"Ndani ni nyanya, kitunguu na dania. Akitaka kujua, aulize, nitamwambia."

Akaimba hiyo pia. Ilikuwa ngumu kuingiza dania kwenye besi, lakini aliiingiza, na watu walicheza kuliko mwanzo. Mwishowe Mzee Karanja hakuweza kuvumilia. Aliruka kwenye kiti, akaomba apewe firimbi ya Risper, mimi nikakataa, akapuliza kwa vidole. "Na mimi ndiye mwenye ploti!" akapiga kifua, pakruok kamili, mzee wa watu ambaye hajawahi kuhudhuria ohangla hata moja. "Mjukuu wa aliyefyeka msitu hapa! Hii omena inapikwa kwa ploti ya Karanja!" Nikamsogezea maiki nikamuuliza hewani, "Mzee, kwa hivyo ploti yako sasa inaweza kuimbwa?" Akasema inaweza, mradi jina litamkwe vizuri. "Na mama je, atatafuta pengine?" Akaniangalia kama mimi ndiye nimeleta hayo maneno. "Akienda pengine, wimbo utakuwa wa uongo," akasema. Risper akarudi kukoroga. Alikuwa anatabasamu na kulia wakati mmoja.

Jenerali alirekodi upya, na firimbi zote ndani, na mamake, na sauti ya mwiko. Ikavuma kuliko ya kwanza. Siku hizi watu wanaenda harusi na firimbi mfukoni. Nimesikia bwana harusi mmoja alisimamishwa katika viapo mpaka mchungaji akaketi. Lawama hiyo naikubali.

Sasa nifike mwisho, ambao ni wenu, na bado nimekasirika.

Nilipostaafu mwezi uliopita mliniandikia salamu za kuniaga. Nawashukuru. Ila mkampa azisome yule binti niliyemfunza mimi mwenyewe matangazo ya vifo, na nilimfunza vizuri. Nilikuwa nyumbani Makina nachagua mchele, redio iko wazi, nikasikia: "Kwa moyo mzito tunawajulisha ya kwamba Anti Zamu, aliyetutumikia kwa uaminifu, hayuko nasi tena." Nikaweka ungo chini. Nilihuzunika sana. Huyo marehemu alionekana mtu mwema.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mama wa makaa wa Silanga, mzee sasa, gunia kichwani. Akanikuta mlangoni, mzima. Akatua gunia, akanitazama juu mpaka chini. "Nyinyi na hii stesheni yenu," akasema, akaketi kupumzika. Majirani wakaingia, wengine wakilia, wengine wakiuliza kama chai imewekwa. Niliwaambia sijafa. Mmoja akaniambia nitulie, hayo huwa yanasemwa.

Halafu bodaboda ikasimama nje, imebeba Jenerali Ngwaci katikati na Risper nyuma, amekumbatia sufuria ile iliyobonyea, imefungwa na leso. Akaingia mbio. Aliponiona akakaa chini kizingitini, akalia kwa uchungu ambao hata nikifa kweli sidhani nitaupata tena.

"Anti! Nimelia kutoka Kawangware!"

"Pole, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

"Si nyinyi Waislamu wa Makina mnazika haraka! Nikajua nikichelewa nitapata udongo." Akajifuta uso, kisha akamwonyesha Jenerali kwa kidole. "Na huyu alikuwa ameanza kukutungia wimbo njiani. Eti Anti Zamu, ua la Makina limenyauka, mama mpole."

"Ukafanya nini?"

"Nilipuliza. Tukiwa juu ya boda, mpaka mwenye boda akasimama katikati ya barabara. Nikamuuliza, mpole nani? Nikamwambia, Anti hakuwa ua. Alikuwa na mdomo. Kama unamwimba, imba mdomo."

Nimeimbiwa kidogo maishani, na sijawahi kusifiwa vizuri hivyo. Nililia, mbele ya watu waliokuja kunililia, na walifurahi kuona hatimaye kuna mtu wa kubembeleza.

"Basi kwa vile hujakufa," Risper akasema, akifungua leso, "kula."

Nikala sahani mbili, na ugali. Halafu nikajinyoosha kwenye mkeka kidogo tu, nipumzishe mgongo. Kwa mbali nikasikia waombolezaji wapya wanaingia, wananiona nimelala chini katikati ya watu, wanaangua kilio. Nilitaka kuinuka, mwili ukakataa. Kisha ikalia firimbi, kali, bila kusita hata kidogo.

"Nyamazeni," nikasikia Risper akiwaambia. "Ameshiba."